Mwingiliano wa Vinasaba na Mazingira katika Pumu na Mzio wa Utotoni: Mtazamo kutoka Kyela na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

IKISIRI

Makala hii inaeleza namna vinasaba na mazingira vinavyoingiliana katika kusababisha pumu na mzio wa utotoni, kwa kurejelea Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa kwa jumla. Hoja kuu ni kwamba swali la iwapo pumu hurithiwa au husababishwa na mazingira limeulizwa vibaya, kwa kuwa kinasaba kimoja kinaweza kumdhuru mtoto katika mazingira fulani na kumkinga katika mazingira mengine. Ushahidi wa hoja hii umetokana kwa sehemu kubwa na tafiti za Ulaya na Marekani. Makala inaupima kwa kuuweka kando ya tafiti za Gaboni, Uganda, Kenya, Zimbabwe na Malawi, kisha kando ya moshi wa kuni, minyoo, unyevu na ufugaji wa Kyela. Inapendekezwa kwamba Mto Songwe, unaogawa jamii moja ya Wanyakyusa na Wangonde katika nchi mbili, ni mahali pafaapo kwa utafiti linganishi wa aina hii.

Istilahi muhimu: pumu, mzio, vinasaba, mwingiliano, minyoo, Kyela, Ziwa Nyasa

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina methali mbili zinazopingana kuhusu chanzo cha tabia na hali ya mtu. Moja husema mtoto wa nyoka ni nyoka; nyingine husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mzazi anayemfikisha katika zahanati mtoto anayehema kwa shida, kifua kikitoa sauti ya mluzi, mara nyingi huwa amekwisha kuchagua mojawapo ya methali hizo. Akichagua ya kwanza, husema ugonjwa huu ni wa ukoo: bibi alikuwa nao, mjomba anao, basi hakuna la kufanya. Akichagua ya pili, hutafuta kosa: vumbi, baridi ya alfajiri, moshi wa jikoni, au chakula fulani kilicholiwa jana.

Uchaguzi huo una gharama. Anayeamini urithi peke yake huacha kuondoa visababishi vinavyoweza kuondolewa, na pengine huona dawa ya kila siku haina maana. Anayeamini mazingira peke yake hushindwa kueleza kwa nini watoto 3 waliolala chumba kimoja na kuvuta moshi wa figa moja, mmoja tu ndiye anayebanwa na kifua. Kwa mtafiti, kosa la namna hiyohiyo huchukua sura ya kitaalamu zaidi: kuchukua kinasaba kilichotambuliwa kwa watoto wa mji mmoja wa Ulaya na kukiita kinasaba cha pumu popote duniani.

Makala hii inachukua njia ya tatu. Inaanza kwa kufafanua dhana, inapitia ushahidi mkuu wa mwingiliano, kisha inauleta ushahidi huo katika mazingira ya Kyela, kuanzia mji wa Kyela wenyewe hadi kata kama Talatala, Ipinda na Matema. Sehemu ya mwisho inajadili maana ya yote hayo kwa tiba na kwa utafiti.

2.0 Dhana za Msingi

2.1 Pumu na Mzio

Mzio ni hali ya mfumo wa kinga ya mwili kukabili kitu kisicho na madhara, kama chavua au vumbi la nyumbani, kana kwamba ni adui. Katika mzio wa aina inayojadiliwa hapa, mwili hutengeneza kingamwili iitwayo immunoglobulini E (IgE). Kingamwili hiyo hujishikiza juu ya seli zenye histamini, na mtoto anapokutana tena na kitu kilekile, seli hizo hummwaga histamini na kemikali nyingine ndani ya dakika chache. Matokeo yake yanaweza kuwa mafua ya mzio, macho kuwasha, vipele, au kubana kwa njia za hewa.

Pumu ni uvimbe wa muda mrefu wa njia za hewa unaozifanya zibane kupita kiasi zinapochokozwa. Si pumu zote zinatokana na mzio, wala si kila mwenye mzio hupata pumu. Hata hivyo hali hizi huandamana mara nyingi kiasi kwamba Kiswahili cha Tanzania huuita ukurutu wa mzio *pumu ya ngozi*. Jina hilo, ingawa halikutungwa na wataalamu, linabeba ukweli wa kitabibu: mtoto anayeanza na ngozi kavu yenye kuwasha katika mwaka wake wa kwanza yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata mafua ya mzio na pumu baadaye.

2.2 Maana ya Mwingiliano

Tafiti za mapacha zimekadiria kwamba kati ya 35% na 95% ya tofauti ya watu katika kupata pumu inahusiana na urithi. Upana wa makadirio hayo ni somo lenyewe. Kiwango cha urithi si sifa ya ugonjwa, bali ni sifa ya ugonjwa katika jamii fulani na wakati fulani. Pale ambapo watoto wote wanaishi katika mazingira yanayofanana, tofauti zinazobaki zitaonekana kuwa za vinasaba. Pale ambapo mazingira yanatofautiana sana, sehemu ya vinasaba itaonekana kupungua, ijapokuwa vinasaba vyenyewe havikubadilika.

Mwingiliano, kwa hiyo, si kujumlisha fungu la urithi na fungu la mazingira. Mwingiliano upo pale ambapo athari ya kitu cha mazingira inategemea aina ya kinasaba alicho nacho mtoto, au athari ya kinasaba inategemea mahali mtoto anapokulia. Mkulima wa mpunga anaifahamu kanuni hii bila kuisomea. Mbegu inayoshinda zote katika bonde lenye maji inaweza kuwa ya mwisho katika shamba la mlimani. Anayeuliza ipi ni mbegu bora bila kutaja shamba hajauliza swali linalojibika.

3.0 Ushahidi wa Mwingiliano

3.1 Eneo la 17q21

Mwaka 2007 Moffatt na wenzake walitangaza kwamba aina fulani za vinasaba katika kromosomu ya 17, eneo liitwalo 17q21, zinahusiana na pumu ya utotoni, na kwamba aina hizo huathiri utendaji wa kinasaba cha ORMDL3. Matokeo hayo yamerudiwa mara nyingi kwa watoto wa asili ya Ulaya. Yaliyofuata ndiyo yenye uzito zaidi kwa mada hii. Bouzigon na wenzake (2008) walionesha kwamba hatari ya eneo hilo inahusu hasa pumu inayoanza mapema utotoni, na kwamba huongezeka kwa watoto waliovuta moshi wa tumbaku wa watu wengine wakiwa wachanga. Çalışkan na wenzake (2013) walihusisha hatari hiyo na watoto waliougua kifua chenye mluzi kutokana na virusi vya mafua viitwavyo rinovirusi katika miaka yao ya mwanzo. Loss na wenzake (2016), waliofuatilia watoto wa vijijini barani Ulaya, walikuta kwamba watoto wenye aina ya hatari ndio walionufaika zaidi na kuwa karibu na mazizi ya wanyama: kwao, kukaa karibu na mazizi kuliambatana na kupungua kwa mluzi wa kifua.

Matokeo hayo 3 yakisomwa pamoja, jina la *kinasaba cha hatari* linapoteza maana yake ya kawaida. Kilichorithiwa ni wepesi wa kuitikia mazingira. Mazingira yakileta moshi na virusi, wepesi huo huwa ugonjwa. Yakileta zizi, wepesi huohuo huwa kinga.

3.2 Kinasaba cha CD14

Mfano wa CD14 unakwenda mbali zaidi. CD14 ni sehemu ya kipokezi kinachotambua endotoksini, yaani vipande vya ganda la bakteria wanaopatikana kwa wingi katika samadi na vumbi la zizi. Eder na wenzake (2005) walichunguza badiliko moja dogo la herufi katika kinasaba hiki. Kwa watoto waliogusana mara kwa mara na wanyama wa kufugwa ndani ya nyumba, herufi C iliambatana na IgE ya juu. Kwa watoto waliogusana na mifugo ya zizini, herufi hiyohiyo iliambatana na IgE ya chini. Mtafiti ambaye angewachanganya watoto wote katika jedwali moja angehitimisha kwamba kinasaba hakina athari yoyote, ilhali kina athari 2 zinazofutana.

3.3 Ngozi na Uwezo wa Kuondoa Sumu

Mwaka 2006 ilibainika kwamba watu wenye kasoro katika kinasaba cha filagrini, protini inayoimarisha tabaka la juu la ngozi, wana hatari kubwa ya pumu ya ngozi. Bisgaard na wenzake (2008) wakaonesha kwamba kwa watoto wachanga wenye kasoro hiyo, kuwapo kwa paka nyumbani wakati wa kuzaliwa kuliongeza hatari ya ugonjwa wa ngozi. Kwa watoto wasio na kasoro, paka hakuongeza hatari hiyo. Kasoro zilizozoeleka Ulaya ni adimu kwa Waafrika, jambo linaloonya kwamba kipimo cha kinasaba kilichotengenezwa kwa ajili ya jamii moja kinaweza kumpa mtoto wa jamii nyingine jibu la *salama* lisilo na msingi.

Kundi jingine la vinasaba, likiwamo GSTM1, husaidia mwili kuondoa sumu za moshi. Baadhi ya watu hawana kabisa kinasaba hicho. Huko California, Gilliland na wenzake (2002) walikuta kwamba madhara ya mama kuvuta sigara wakati wa ujauzito yalijitokeza hasa kwa watoto waliokikosa. Maelezo ya mtoto mmoja kubanwa na kifua ilhali nduguze ni wazima, ndani ya moshi uleule, yanaweza kupatikana katika tofauti za aina hii.

3.4 Jamii Mbili zenye Asili Moja

Utafiti unaobainisha upande wa mazingira kwa uwazi zaidi ni ule wa Stein na wenzake (2016) kuhusu Waamishi na Wahuteri wa Marekani. Jamii hizi 2 zina asili ya Ulaya ya kati, zinafanana kinasaba, zina familia kubwa, na hazivuti sigara ndani ya nyumba. Tofauti iko katika kilimo. Waamishi hufuga kwa njia za kale, watoto wakicheza mazizini. Wahuteri hutumia mashamba makubwa ya kisasa yaliyo mbali na makazi. Pumu ilikuwa takribani 5% kwa watoto wa Waamishi na 21% kwa watoto wa Wahuteri, na endotoksini katika vumbi la nyumba za Waamishi ilikuwa karibu mara 7 ya ile ya Wahuteri. Panya wa maabara waliopuliziwa vumbi la Waamishi walikingwa dhidi ya dalili za pumu, lakini kinga hiyo ilitoweka pale panya walipoondolewa vinasaba vya kutambua bakteria. Vumbi peke yake halikutosha. Lilihitaji mwili wenye uwezo wa kulisoma.

Kabla ya hapo, Strachan (1989) alikuwa ameonesha kwa watoto 17,414 wa Uingereza kwamba mafua ya mzio hupungua kadiri idadi ya ndugu wakubwa inavyoongezeka. Afrika nayo ilitoa ushahidi wake. Nchini Zimbabwe, Keeley na wenzake (1991) walikuta ubanaji wa njia za hewa kwa takribani 5.8% ya watoto wa mitaa ya matajiri ya Harare, 3.1% katika mtaa wa watu wa kipato cha chini wa jiji hilohilo, na 0.1% tu kijijini. Nchini Kenya, Ng'ang'a na wenzake (1998) walikuta ubanaji wa njia za hewa baada ya mazoezi kwa karibu 23% ya watoto wa Nairobi, ukilinganishwa na karibu 13% katika eneo la Murang'a. Tofauti za ukubwa huu kati ya mji na kijiji cha nchi moja haziwezi kuelezwa kwa vinasaba peke yake.

4.0 Mazingira ya Kyela

Kyela iko katika bonde la tambarare kati ya Milima ya Livingstone, nyanda za Rungwe na Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushusha maji na udongo wa volkano bondeni. Eneo hili ni miongoni mwa yanayopata mvua nyingi zaidi Tanzania, na wakazi wake hulima mpunga, kakao, migomba na michikichi. Katika mazingira hayo, vitu 4 vinahusu mada hii moja kwa moja.

4.1 Moshi wa Jikoni

Kaya nyingi hupikia kuni au mkaa, na mtoto mchanga hukaa mgongoni mwa mama au pembeni mwa moto kwa saa nyingi za siku. Moshi wa kuni hubeba chembe ndogo na kemikali zinazofanana kwa sehemu kubwa na za moshi wa tumbaku, hivyo hoja ya kibiolojia ya kuwaunganisha watoto wa jikoni na matokeo ya 17q21 na GSTM1 ina nguvu.

Hata hivyo, utafiti uliofanyika jirani kabisa unaonya dhidi ya haraka. Mortimer na wenzake (2017) waligawa kwa bahati nasibu majiko yenye moshi mdogo katika maeneo 2 ya Malawi: Chikhwawa, kusini mwa nchi, na Chilumba, katika Wilaya ya Karonga inayopakana na Kyela. Watoto 10,750 walihusishwa. Majiko hayo hayakupunguza nimonia. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mtoto hakutoka katika moshi; alitoka katika moshi mmoja na kubaki katika mwingine, wa taka zinazochomwa, wa majirani, wa taa na wa tumbaku. Utafiti huo ulihusu nimonia na si pumu, lakini fundisho lake kwa watafiti wa mwingiliano ni la moja kwa moja: kumwandika mtoto kuwa *amepata moshi* au *hakupata* kwa kuuliza aina ya jiko ni kipimo dhaifu, na kipimo dhaifu cha mazingira huficha mwingiliano hata pale ulipo.

4.2 Minyoo

IgE haikuumbwa kwa ajili ya chavua. Kazi yake ya kale ni kupambana na vimelea, hasa minyoo. Mwaka 1996 Marquet na wenzake walitambua kwa familia za Brazili kwamba uwezo wa kudhibiti kichocho cha tumbo unahusiana na eneo la kromosomu ya 5 liitwalo 5q31–q33. Hapohapo ndipo vilipo vinasaba vya IL4 na IL13, ambavyo katika nchi zisizo na minyoo huhusishwa na mzio na pumu. Maana yake ni kwamba urithi unaomtesa mtoto wa mjini leo huenda ndio uliowaokoa babu zake walioishi na vimelea.

Minyoo nayo hujihami. Ikishakaa mwilini kwa muda mrefu, huchochea seli za kutuliza kinga na saitokini ya IL-10, hivyo mtoto anaweza kuwa na IgE nyingi bila dalili za mzio. Nchini Gaboni, van den Biggelaar na wenzake (2000) walikuta kwamba watoto wenye kichocho waliitikia kwa nadra zaidi kipimo cha ngozi cha utitiri wa vumbi. Walipotibiwa minyoo, utafiti wa 2004 ulionesha mwitikio huo ukiongezeka. Huko Entebbe, Uganda, wajawazito 2,507 waligawiwa kwa bahati nasibu dawa za minyoo au dawa bandia; Mpairwe na wenzake (2011) waliripoti kwamba watoto wa akina mama waliopewa albendazoli walipata pumu ya ngozi zaidi wakiwa wachanga. Lakini watoto hao walipofikisha miaka 9, athari ya kudumu juu ya mzio haikuonekana. Aidha, katika visiwa vya Koome katika Ziwa Viktoria, Sanya na wenzake (2019) walilinganisha vijiji vilivyotibiwa minyoo kwa wingi na vile vilivyotibiwa kwa kawaida, na baada ya miaka 3 mluzi wa kifua na mzio havikutofautiana.

Kyela ina nafasi ya pekee katika mjadala huu. Bonde la Tukuyu na Kyela linafahamika kama eneo la usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi weusi wanaozaliana katika mito yenye maji ya kasi, na limekuwa na matende na ngirimaji. Kroidl na wenzake (2016), wakishirikiana na Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, walionesha kwamba wakazi wa Kyela waliokuwa na minyoo ya matende walipata maambukizi mapya ya VVU takribani mara 2 ya wasio nayo. Utafiti huo haukuhusu mzio, lakini unathibitisha jambo la msingi: katika wilaya hii, minyoo inayokaa kimya mwilini hubadili hali ya kinga kiasi cha kubadili hatima ya ugonjwa mwingine kabisa. Kwa sababu hiyo, hesabu yoyote ya vinasaba vya mzio Kyela isiyopima minyoo itakuwa imeacha nje sehemu kubwa ya mazingira.

4.3 Unyevu, Nafaka na Wadudu wa Ziwani

Utitiri wa vumbi hustawi penye unyevu, na godoro la sponji lisiloanikwa katika hali ya hewa ya Kyela ni makazi yake mazuri. Ukungu hustawi juu ya kuta zilizoloa mafuriko na juu ya mazao yasiyokauka vyema. Vumbi la mashine za kukoboa mpunga huchokoza njia za hewa hata za asiye na mzio.

Juu ya ziwa lenyewe, mara kwa mara huonekana mawingu meusi yafananayo na moshi. Ni makundi ya wadudu wadogo waitwao kitaalamu *Chaoborus edulis*, ambao viluwiluwi vyao huishi majini. Upepo ukivuma kuelekea nchi kavu, huingia nyumbani. Kuna sababu ya kuwatazama kwa makini: nchini Sudan, wadudu wa majini waitwao *Cladotanytarsus lewisi* wamesababisha pumu na mafua ya mzio kwa wakazi wa kando ya Mto Nile, na Gad El Rab na Kay (1980) walionesha kwamba mzio huo unatokana na IgE. Hata hivyo, ulinganisho una mpaka. Protini inayochochea mzio kwa jamaa za wadudu wa Sudan ni hemoglobini, ambayo viluwiluwi wa *Chaoborus*, walio wa familia nyingine, hawaitegemei. Wadudu wa Ziwa Nyasa wanahitaji kupimwa wao wenyewe.

4.4 Ng'ombe Ndani ya Nyumba

Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti wa kianthropolojia miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, walieleza makazi ambamo ng'ombe walilazwa ndani ya nyumba pamoja na watu. Kwa lugha ya leo, mtoto wa nyumba ile alilala ndani ya endotoksini tangu siku ya kuzaliwa, kwa kiwango ambacho huenda kilifikia au kuzidi cha zizi la Waamishi. Ufugaji huo umepungua na nyumba zimejengwa upya kwa matofali na bati. Ni mabadiliko yenye faida nyingi kiafya, lakini kwa mtazamo wa CD14 ni mabadiliko ya mazingira yaliyofanyika ndani ya vizazi vichache, ilhali vinasaba vimebaki vilevile. Haifai kuhitimisha kwamba nyumba ya kale ilikuwa bora: ilikuwa na moshi, na vifo vya watoto vilikuwa vingi. Inafaa tu kutambua kwamba kinga na madhara vilikaa chini ya paa moja, na kwamba vimeondoka kwa kasi tofauti: ng'ombe ametoka, moshi umebaki.

5.0 Mto Songwe kama Mstari wa Ulinganisho

Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliufanya Mto Songwe kuwa mpaka. Kaskazini walibaki Wanyakyusa, kusini Wangonde wa Karonga, watu wanaosikilizana kwa lugha na wenye asili ya karibu. Mto wenyewe haujauheshimu mkataba huo. Mafuriko huuhamisha, na Tanzania na Malawi zimelazimika kushirikiana katika mpango wa kuuimarisha.

Kwa mtafiti wa mwingiliano, mpaka huo una thamani. Jamii moja yenye vinasaba vinavyokaribiana inaishi chini ya mifumo 2 ya afya, yenye kampeni tofauti za dawa za minyoo na mazoea tofauti ya kilimo. Kwa kuongeza, Wanyakyusa wamehamia kwa vizazi kadhaa Mbeya, Chunya na Dar es Salaam. Muundo wa utafiti unajitokeza wenyewe: watoto wa koo zilezile walioko bondeni, ng'ambo ya Songwe, na mjini. Utafiti wa Mpairwe na wenzake (2019) wilayani Wakiso, Uganda, unatoa sababu ya kuanza mapema, kwa kuwa waliona kwamba mahali mtoto alipozaliwa na kuishi katika miaka ya mwanzo, mjini au kijijini, palihusiana na pumu yake ya baadaye.

Muundo huo una udhaifu unaopasa kukabiliwa. Wanaohama si sawa na wanaobaki. Mzazi mwenye mtoto mgonjwa anaweza kuhamia mjini kufuata hospitali. Ndoa za mchanganyiko mjini hubadili urithi. Tena, vinasaba vya Waafrika vina utofauti mkubwa zaidi, na vipande vya kromosomu vinavyorithiwa pamoja ni vifupi kuliko vya Wazungu. Kwa hiyo alama ya kinasaba iliyosaidia kulitambua eneo la 17q21 Ulaya inaweza isiwe kando ya kisababishi halisi Kyela. Faida ya ufupi huo ni kwamba, sampuli zikitosha, kisababishi huweza kubainishwa kwa usahihi zaidi.

6.0 Maana kwa Tiba na Afya ya Jamii

Kwanza, kuhusu utambuzi. Mhudumu wa ngazi ya msingi hufundishwa kuhesabu pumzi: 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa miezi 12 hadi 59, ni dalili ya nimonia. Kanuni hiyo imeokoa maisha, lakini mtoto mwenye pumu naye huhema haraka. Mwongozo huohuo unaelekeza kwamba penye mluzi, mtoto apewe dawa ya kupanua njia za hewa kisha ahesabiwe upya. Hatua hiyo ikirukwa, mtoto hupewa antibayotiki kila mwezi na pumu yake haipewi jina.

Pili, kuhusu historia ya familia. Kumuuliza mzazi iwapo wapo ndugu wenye pumu, mafua ya mzio au pumu ya ngozi ni kipimo cha kinasaba kisichogharimu chochote. Jibu la ndiyo lisichukuliwe kama hukumu, bali kama sababu ya kumwondolea mtoto huyo moshi mapema zaidi na kumfuatilia kwa karibu.

Tatu, kuhusu minyoo. Hakuna tokeo lolote lililopitiwa hapa linalohalalisha kupunguza ugawaji wa dawa za minyoo shuleni au wa ivermektini vijijini. Upungufu wa damu, upofu na matende ni madhara ya hakika. Kinga dhidi ya mzio ni ya sehemu, na majaribio ya Uganda hayakuionesha kuwa ya kudumu. Kinachohitajika ni kwamba vituo vinavyofanikiwa kuondoa minyoo vijiandae kwa mzio unaoweza kuongezeka.

Nne, kuhusu dawa. Salbutamoli ya kuvuta na steroidi ya kuvuta zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu hauwashauri wenye miaka 12 na zaidi kutegemea salbutamoli peke yake, kwa kuwa huufungua mrija bila kutibu uvimbe. Hofu kwamba dawa ya kuvuta humfanya mtoto awe mtumwa wake inapaswa kujibiwa kwa upole na kwa maelezo haya: kinachomrudisha mtoto kwenye dawa ni uvimbe ambao haujatibiwa.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba vinasaba vya pumu na mzio havifanyi kazi katika ombwe. Aina ya 17q21 inayoambatana na ugonjwa penye moshi na virusi huambatana na nafuu penye zizi. Herufi moja ya CD14 hupandisha IgE katika nyumba moja na kuishusha katika nyingine. Vinasaba vilivyowalinda wahenga dhidi ya minyoo huwasumbua wajukuu wasio nayo. Kyela, yenye moshi, minyoo, unyevu na kumbukumbu ya ng'ombe ndani ya nyumba, haipaswi kuwa mahali pa kurudia tu matokeo ya kwingine, bali ni mahali ambapo matokeo hayo yanaweza kusahihishwa.

Kwa mintarafu hiyo, methali mbili zilizotajwa mwanzoni hazipingani. Mtoto huzaliwa na alichorithi, na alichorithi ni namna ya kuyaitikia malezi. Mzazi wa bondeni aliyekata tamaa kwa sababu pumu ni ya ukoo wake anapaswa kuambiwa hivyo waziwazi: mtoto mwenye urithi wa aina hiyo ndiye ambaye kuondolewa moshi, kutambuliwa mapema na kupewa dawa sahihi kunaweza kumsaidia kuliko wote.